Mtihani wako wa kwanza wa mkanda wa karate: unavyokwenda na namna ya kujitayarisha

Kila mtihani unapokaribia maswali ni yale yale. Vijana huniuliza mlangoni wakivua viatu, wazazi hunipigia simu baada ya Isha. Mtoto akisahau kata (ule mfululizo wa mbinu uliopangwa) ndiyo kaanguka? Atapigwa? Mkanda mpya tununue wenyewe? Mbona mwenzake walianza siku moja na yeye ameitwa, wangu hakuitwa? Nasaidia kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu hapa Unguja, na kwenye mitihani mara nyingi mimi ndiye ninayeshika daftari la majina. Nimeona watu wakitetereka mahali pale pale walipotetereka wenzao wa mwaka uliopita, ndiyo maana nimekaa kuyaandika haya.

Yameandikwa kwa ajili yako wewe wa mkanda mweupe. Ukiwa unafanya Shotokan, judo au taekwondo, majina ya mbinu yatakuwa mengine lakini mwenendo wa siku yenyewe unafanana sana. Na pale utaratibu wa klabu yako unapotofautiana na wangu, fuata wa klabu yako.

Kabla ya yote shika hili: utakosea. Watahini wanalijua hilo kabla hujaingia ukumbini. Wanachokitazama ni unafanya nini mara tu baada ya kukosea.

Kidogo kuhusu mikanda

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo huko Japani mwaka 1882, ndiye aliyeanza kuwapa wanafunzi wake daraja za dan, yaani za mkanda mweusi. Karate iliuchukua utaratibu huo kwake. Gichin Funakoshi, baba wa Shotokan, alitoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Rangi zilizo baina ya nyeupe na nyeusi zilienea baadaye kupitia judo ya Ulaya. Kwa hiyo hakuna mpangilio mmoja wa rangi duniani kote. Daraja za chini huitwa kyu na huhesabiwa kwa kushuka mpaka kyu ya 1, kisha dan huanza kwa kupanda: ya 1, ya 2, ya 3. Basi usigombane na binamu yako wa Wete kwa kuwa yeye baada ya mweupe alivaa wa njano na klabu yenu inatoa rangi nyengine. Uliza kyu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya sensei, yaani mwalimu wako. Bila ya hii mengine yote hayana kazi.
- Gi (nguo ya karate) nzima, safi, iliyofuliwa na kukauka. Ikichanika kwapani ishone, huna haja ya kununua mpya.
- Mkanda wako mweupe. Unaingia mtihanini na mkanda ulionao, si ule unaoutaka.
- Ada ya mtihani. Uliza mapema ni kiasi gani na ndani yake mna nini: cheti kimo? Mkanda umo? Nauli ya mtahini imo? Klabu hazifanani, na swali hili halina aibu.
- Kilinda meno, pamoja na glavu na kilinda nyeti ikiwa klabu yenu inavitumia kwenye kumite, yaani pambano la watu wawili.
- Kwa wasichana, ushungi wa kuvutika unaovaliwa kwa kupitishwa kichwani bila ya pini. Pini isiingie ukumbini kabisa. Nimeona mkono wa mtu ukichanwa na pini ya mwenzake katika zoezi la kawaida tu.
- Kucha fupi za mikono na za miguu. Pete, saa, cheni na hereni ziache nyumbani.
- Ruhusa ya mzazi ikiwa uko chini ya miaka 18, na mzazi ajue siku hiyo utarudi umechelewa.

Hatua kwa hatua

1. Subiri uitwe. Usimwendee sensei ukamwambia "nataka mtihani". Unaweza kumuuliza "nimebakiza nini?" na hilo ni swali zuri, atakujibu. Klabu nyingi hutaka miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ya mfululizo kabla ya mtihani wa kwanza, lakini miezi yenyewe haitoshi. Daftari la mahudhurio hutazamwa. Aliyekuja mara tatu kwa wiki kwa miezi minne na aliyekuja Jumamosi tu kwa miezi minne si sawa, hata kama walianza siku moja. Mzazi, jibu la swali lako ni hilo.

2. Andika orodha ya mtihani kwa mkono wako. Kila klabu ina orodha ya vinavyotakiwa kwa kila kyu. Iombe, uinakili kwenye daftari, na mbele ya kila jina la Kijapani uandike kwa Kiswahili unafanya nini. Wengi wanaanguka si kwa kutojua kupiga, bali kwa kuitiwa "gedan barai" (kizuizi cha chini) wakafanya "age uke" (kizuizi cha juu). Jodan ni usawa wa uso, chudan ni kifua na tumbo, gedan ni chini ya mkanda. Ukiyashika maneno haya matatu umeshapata nusu ya msamiati. Jifunze na kuhesabu hadi kumi: ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju. Hesabu unapopanda ngazi, hesabu unapokwenda skuli.

3. Mwezi wa mwisho, fanya kata kila siku hata mara tatu tu. Kwetu mtihani wa kwanza huwa na Taikyoku au Gekisai Dai Ichi. Gekisai ilitungwa na Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu, mnamo miaka ya 1940, iwe nyepesi kwa vijana wanaoanza. Usidanganyike na huo wepesi. Pale katikati ipo sehemu inayoangusha watu: teke la mbele la mae geri, kiwiko, uraken (ngumi ya mgongo wa mkono), gedan barai, kisha ngumi ya mkono wa nyuma. Mambo matano, na mwanafunzi mwenye haraka huyafanya kama jambo moja.

Ifanye hivi. Nyanyua goti kwanza, juu, ndipo mguu utoke. Piga kwa ile nyama ya unyayo iliyo chini ya vidole, vidole umevikunja kurudi juu. Rudisha goti. *Ndipo* uweke mguu chini. Kiwiko kifike pamoja na unyayo kugusa sakafu, si kabla. Ukisikia mguu wako unaanguka "pu!" kwenye saruji, jua hukurudisha goti, umeangukia mbele na kiwiko kimepiga hewa huku mwili haujatulia. Fanya taratibu kabisa mara kumi, kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kiunoni, halafu mara moja kwa kasi. Mtahini aliye na uzoefu haangalii mikono yako pale, anaangalia lile goti.

Sanchin dachi, ule msimamo wa miguu, nayo ipime kwa macho yako: kisigino cha mguu wa mbele kiwe mstari mmoja na vidole vya mguu wa nyuma, upana ni wa mabega. Wengi huanza vizuri na kufika hatua ya tano miguu imeshakuwa kamba moja.

Na kila siku ya mwisho wa wiki, fanya kata ukiwa umeelekea upande usioizoea. Kama siku zote mnatazama ukutani, tazama dirishani. Siku ya mtihani ukumbi unaweza kuwa mwengine, na waliozoea kugeuka kwa kufuata mlango hupotea.

4. Zungumza mapema juu ya rei. Hili wengi wanalihofia na hawalisemi. Rei ya kusimama ni kuinama kidogo kwa heshima, kama salamu. Ile ya kupiga magoti, mikono chini, baadhi ya wanafunzi na wazazi wanaona inakaribia umbo la sijda na nyoyo zao hazitulii. Mweleze sensei kabla ya siku, faragha, kwa adabu. Zipo klabu ambazo mwanafunzi huweka mkono kifuani au hubaki na rei ya kusimama, na hakuna anayepunguziwa alama. Kinacholeta tabu ni kubaki umekakamaa mbele ya mtahini mgeni ambaye hakuambiwa kitu, naye akafikiri ni jeuri.

5. Jifunze kufunga mkanda mpaka uweze gizani. Weka katikati ya mkanda kitovuni. Zungusha ncha zote mbili nyuma, zipishane, zirudi mbele. Ncha ya juu ipitishe chini ya tabaka zote mbili, itokee juu. Ivute. Sasa funga fundo moja, ncha ile ya juu ikipita juu ya nyengine na kuingia ndani ya kitanzi. Vuta kwa pembeni, kwa nguvu. Ncha mbili ziwe na urefu sawa na fundo lilale bapa. Likisimama wima, umepindua mara ya mwisho. Fungua uanze tena.

6. Siku iliyotangulia, pumzika. Fua gi siku mbili kabla, hasa miezi ya masika ambapo nguo nzito haikauki kwa siku moja. Ukitoka Pemba kuja kufanya mtihani Unguja, usipande boti ya siku ile ile. Safari ya kutoka Mkoani bahari ikichafuka inamtoa mtu nguvu zote, na nimewahi kumwona kijana hodari akisimama mstarini huku ukumbi unamzunguka. Njoo jana yake, lala kwa jamaa, kula chakula ulichokizoea.

7. Fika mapema, kula kidogo. Saa moja kabla inatosha. Mkate na chai, au tende chache na maji. Urojo, chipsi na vinywaji vya gesi viache mpaka umalize. Miezi ya kaskazi kumbi zetu zinachemka kama tanuri tokea saa tatu asubuhi, kwa hivyo kunywa maji kidogo kidogo tokea ulipoamka, usisubiri kiu.

8. Mstari na kufungua. Mtapangwa kwa mikanda, wakubwa kulia. Atakayeongoza ataita "kiotsuke", mnasimama wima, kisha "rei". Sensei mkuu na watahini watakaa mezani. Kwa mikanda ya chini mara nyingi mtahini ni sensei wako mwenyewe au mkubwa wake. Kwa mkanda mweusi huwa ni jopo la chama. Ukiitwa jina itikia kwa sauti, "hai!", na kimbia kwenda mahali pako. Usitembee kama unakwenda sokoni.

9. Kihon, yaani mbinu za msingi. Mtakwenda na kurudi ukumbini kwa hesabu: ngumi, vizuizi, mateke. "Yoi" ni kujiweka tayari, "hajime" ni anza, "mawatte" ni geuka, "yame" ni acha. Hapa ndipo alama nyingi zinapopatikana na ndipo watu wanapojisahau. Mambo mawili yanatosha kukutofautisha: mkono usiopiga urudi mpaka ubavuni, usining'inie, na macho yatazame mbele, si sakafuni. Ukiwa wa mwisho kusikia "mawatte", geuka tu. Usicheke, usimtazame jirani.

10. Kata. Mtaanza kwa kundi, halafu huenda ukaitwa peke yako. Taja jina la kata kwa sauti kamili kabla ya kuanza. Kiai, ule ukelele wa nguvu, iwe mahali pake, itoke tumboni. Ya woga huwa nyembamba na inasikika mpaka nje.

Mtihani mmoja alikuwapo msichana, umri wake ni kama miaka kumi, akifanya Gekisai peke yake. Akageuka kulia badala ya kushoto. Akajikuta anautazama ukuta wenye madirisha, watahini wako mgongoni mwake, watoto wengine wote kimya. Nilikuwa karibu nikaona vidole vyake vya miguu vinajikunja kwenye saruji. Alibaki hivyo kwa pumzi moja. Kisha akageuka upande uliostahili, akapiga ile ngumi aliyokuwa apige, kiai ikatoka, akaendelea mpaka mwisho kama hapakuwa na kitu. Alipita. Kijana aliyemfuata alikosea kitu kidogo zaidi, akasimama, akasema "samahani sensei", akaomba kuanza upya, akakosea tena pale pale. Yeye aliambiwa arudi mtihani ujao.

11. Kumite. Kwa mkanda wa kwanza huwa ni ya mapatano: mmoja anataja anapopiga, jodan au chudan, mwengine anazuia na kujibu. Hapigwi mtu. Mshambuliaji apige kweli kuelekea shabaha lakini asimamishe ngumi kabla ya kugusa. Ukipiga pembeni kwa kumhurumia mwenzako unamharibia, kwa sababu hana cha kuzuia na mtahini anaona. Ukimgusa kwa bahati mbaya, simama, rei, subiri uambiwe. Mwenye kutaka kuonesha ubabe hapa huanguka hata kama kata yake ni ya dhahabu.

12. Maswali ya mdomo. Ni machache: jina la mtindo, maana ya neno fulani, adabu za dojo, yaani ukumbi wa mazoezi. Hujui? Sema "sijui, sensei, nitajifunza".

13. Matokeo. Mahali pengine hutangazwa hapo hapo, kwengine baada ya wiki. Ukikabidhiwa mkanda, pokea kwa mikono miwili, rei, rudi mstarini. Cheti kisome palepale kabla hujaondoka: jina limeandikwa sawa, kyu ni ile uliyofanyia, tarehe ipo, saini na muhuri vipo. Kosa la herufi moja leo ni rahisi kurekebisha. Baada ya miaka sita, unapopeleka vyeti vyako kwa ajili ya dan, ni kazi kubwa.

Mambo yakienda kombo

*Kata imenitoka kichwani kabisa.* Usirudi nyuma. Vuta pumzi moja, fanya mbinu yoyote unayoikumbuka inayofuata, endelea. Imekatika kabisa? Simama yoi, utulie, usubiri amri. Kukaa kimya na kusimama vizuri ni bora kuliko kujieleza.

*Mkanda umefunguka.* Endelea mpaka "yame". Kisha geuka uwape watahini mgongo, piga goti, funga, geuka tena. Mimi mtihani wangu wa kwanza niliuacha nusu ya kata ili niufunge, na sensei wangu alinieleza baadaye kwamba kilichoniangusha ni kule kusimama, wala si mkanda. Ndiyo maana nimeiandika ile hatua ya tano kwa urefu.

*Mguu umeteguka au kizunguzungu kimenishika.* Nyanyua mkono, useme. Hakuna klabu yenye akili itakayokulazimisha, na mtihani utarudi.

*Tarehe imeangukia Ramadhani.* Mwambie sensei mapema. Klabu nyingi za hapa hupunguza mazoezi mwezi huo au huyahamishia usiku, na mtihani husogezwa mpaka baada ya Idi. Usijilazimishe kufanya mtihani mzima mchana ukiwa umefunga kwenye joto.

*Nimeanguka.* Siku hiyo hiyo, ukiwa umetulia, mwendee sensei umuulize mambo mawili tu ya kurekebisha. Yaandike. Usiombe kupunguziwa na usimtume baba yako akagombe. Uliza pia kama mtihani wa marudio unalipiwa tena.

*Mzazi nikae ndani?* Kama sensei ameruhusu, kaa nyuma, simu iwe kimya, usimwelekeze mtoto kwa mikono. Anakuona, na akishaanza kukutazama wewe amewaacha watahini.

*Nimelipa, nimepita, cheti hakiji.* Hili linanikera mpaka leo. Klabu moja niliyopitia zamani ilikusanya pesa za vyeti kutoka kwetu sote, na vyeti havikuonekana. Wapo wenzangu waliolazimika kuanza mkanda mweupe upya mahali pengine kwa kukosa ushahidi. Ukilipa, dai risiti, hata kipande cha karatasi chenye tarehe, kiasi na saini. Mwezi ukipita uliza. Na mwalimu akikwambia mkanda unapatikana kwa kulipa tu, bila ya mtihani, chukua gi yako utafute klabu nyengine.

*Mkanda mpya unateleza na kufunguka ovyo.* Kila mkanda mpya ni mgumu. Usiuloweke kwenye maji ya moto wala klorini, rangi itakimbia kwenye gi. Ukunje na kuukunjua kwa mikono jioni mbili tatu, ufunge kwa nguvu, uvae. Cheti kitie ndani ya mfuko wa plastiki ulale bapa kabatini, usikibandike ukutani. Unyevu wa hapa visiwani unakula karatasi, na hicho utakihitaji utakapoitwa mtihani wa pili.